Redio ikivurugwa, kuongeza nguvu si dawa

Mkuu, umeuliza kwa nini jeshi lisiongeze tu nguvu ya redio zake adui anapovuruga mawimbi. Ukipaza sauti, naye anapaza. Mtambo wake uko juu ya lori lenye jenereta, askari wako ana betri mgongoni. Tena ukipaza sana anajua ulipo, na mizinga haichelewi.

Dawa ni kuhamahama. SINCGARS, redio ya jeshi la Marekani, hutumia megahezi 30 hadi 88, zilizogawanywa katika chaneli 2,320, na inaruka kutoka chaneli hadi chaneli takriban mara 100 kwa sekunde. Adui hajui inatua wapi, hivyo inambidi atawanye nguvu zake kote. Lakini redio zote za kikosi lazima ziwe na ufunguo mmoja wa siri na saa zinazokubaliana. Usidharau hilo la saa: ya kwako ikiachana mno na za wenzako, wao wanaongea, wewe huambulii kitu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya kuongoza topido, kombora la chini ya maji, kwa kuruka kati ya masafa 88 ya redio, idadi ile ile ya vibonye vya piano. Mimi hilo hunisisimua kila nikilikumbuka.

Antena ya kuelekeza upande mmoja nayo husaidia, na kuongea kwa kifupi. Huko Ukraine pande zote mbili sasa zinarusha droni zinazofungua uzi mwembamba wa faiba nyuma yake, na amri hupita humo badala ya hewani. Hapo hakuna mawimbi ya kuvuruga.