Waulize Wajuzi: Mwaka mmoja wa Usherifu Mkuu

SWALI: Dada yetu anaishi Uingereza na ni raia wa huko. Ametuambia jina lake limesomwa London kwa cheo cha Sherifu Mkuu wa kaunti yao. Hapa nyumbani tunabishana: kuna wanaosema amekuwa mkuu wa mkoa, kuna wanaosema ni bosi wa polisi. Ni kazi gani, na inalipa? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Hailipi hata nauli, kwa hiyo msianze kumpelekea kadi za michango. Mafuta ya gari, tafrija na mavazi yote yatatoka mfukoni mwake. Vazi lenyewe si la dukani: koti jeusi la mahameli, lesi shingoni na upanga kiunoni. Mwanamke hushonewa la kwake kwa mtindo unaokaribiana na huo.

Mkuu wa mkoa wetu ana mamlaka ya kiserikali. Sherifu Mkuu hana amri juu ya polisi wala halmashauri. Cheo kina zaidi ya miaka elfu moja, na zamani mwenye nacho alikusanya kodi na kukamata wahalifu kwa niaba ya mfalme. Kazi hizo zilihamia kwingine kidogo kidogo. Zilizobaki ni kuwakaribisha majaji wa Mahakama Kuu, kuhudhuria ziara za familia ya kifalme, na kutangaza mfalme mpya, kama ilivyokuwa Septemba 2022. Kisheria ndiye msimamizi wa uchaguzi wa wabunge katika majimbo ya kaunti, ila kazi yenyewe hufanywa na ofisa wa halmashauri. Siku nyingine zote ni kutembelea magereza, vituo vya polisi, zimamoto na vikundi vya kujitolea, kusikiliza na kushukuru.

Muulizeni jina lake lilisomwa la ngapi. Kila tarehe 12 Novemba, kwa karibu kaunti zote, husomwa majina matatu, na kwa kawaida la kwanza ndilo linaloshika zamu. Mwezi wa Machi mfalme huchukua sindano ya fedha na kutoboa tundu kwenye hati ya ngozi, kando ya jina hilo. Aprili mteule anatoa tamko mbele ya jaji au hakimu, kazi inaanza. Kama dada yenu ni wa tatu, msikate tiketi bado.

Muda huo wa kungoja autumie kuchagua mambo mawili au matatu ya kuyasimamia, tuseme vijana na magereza. Anayekubali kila mwaliko wa Aprili hufika Septemba hoi, na vikundi vidogo vya vijijini havijamwona.

SWALI: Mwanangu ni katibu wa chama cha Watanzania huko Uingereza. Wanataka Sherifu Mkuu awe mgeni rasmi kwenye sherehe yao. Wamwandikie vipi? *Mama wa Kigamboni*

JIBU: Mama, barua ya ukurasa mmoja inatosha, na iende miezi mitatu kabla. Iseme tarehe, mahali, idadi ya watu, nani atampokea mlangoni, atasema dakika ngapi (tano ni nyingi) na kama aje na vazi rasmi. Sherehe ikiangukia baada ya mapema Aprili, waangalie kwanza kama zamu haitakuwa imebadilika, wasije wakamwalika aliyemaliza.

Wanaokosea wengi hukosea saa. Tuseme sherehe inaanza saa nane mchana kwa saa za huku kwetu. Mtu akitafsiri mbiombio anaandika 8, na mgeni anafika saa mbili asubuhi ukumbi ukiwa na kufuli. Waandike 2 mchana kwa saa za kwao, na waanze saa hiyo hiyo, maana huenda ana shughuli nyingine jioni. Wasimwombe fedha jukwaani, hana fungu. Wampe jina la mtu mmoja aliyefagia, kupika au kufundisha watoto bila malipo, amtaje mbele ya watu. Hapo ndipo cheo chake kinapofanya kazi.

SWALI: Akifanya vizuri ataongezewa muda? *Msomaji, Ilala*

JIBU: Hapana. Sheria ya mwaka 1887 inamzuia kurudia katika kaunti hiyo hadi ipite miaka mitatu, labda kukosekane kabisa mwingine mwenye sifa.