Sampuli ikitoka kwangu, majibu yarudi kwangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza biashara zetu zinapata faida gani zikishirikiana na vyuo vikuu. Swali limenigusa pabaya, kwa hiyo nitajibu na lile ambalo hamkuliuliza: mwanafunzi akimaliza fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na kurudi chuoni, alichokigundua kwangu kinabaki kwa nani?

Nakamua alizeti hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kianze mwaka 2007, ukiweka na vyuo vya St. John's, Mipango na CBE, Dodoma imekuwa mji wa wanafunzi, na kila ikifika katikati ya mwaka barua za kuomba nafasi za fildi zinatufikia hadi huku Kongwa. Wengi wetu tunampa kijana koleo na daftari la mapokezi, mwisho tunagonga muhuri kwenye logibuku yake, anaondoka. Huo mimi siuiti ushirikiano.

Msimu mmoja alikuja kijana wa kemia. Alinikuta kwenye ugomvi na wateja. Kipupwe kikishika, mafuta yaliyotoka hapa safi yanaingia ukungu, kisha utando mweupe unakaa chini ya dumu. Mnunuzi wa Dar es Salaam anapiga simu: mama, umenichanganyia mawese. Na kwa vile kila mtu anajua mawese huganda kwenye baridi, huna la kumjibu. Madumu yalikuwa yanarudi.

Yule kijana hakuanza na mashine. Aliomba chupa tupu za maji, akazijaza mafuta ya mkamuo mmoja, akaziandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Nyingine akaziacha ndani karibu na ekspela, mashine ya kukamulia, kwenye joto. Nyingine akazipanga nje juu ya ukuta zikalala na baridi. Alfajiri akaniita, "Mama, njoo uone." Za ndani zilikuwa angavu. Za nje ungedhani zimetiwa unga. Akachukua moja ya nje, akaichuja ikiwa bado baridi kwa kitambaa kizito, tone kwa tone, mpaka nikakata tamaa nikaenda kufungua mlango wa stoo. Niliporudi, kitambaani kulikuwa na kitu cheupe, laini, kinachoteleza ukikisugua kwa vidole. Akasema ni nta, asili yake ni ganda la alizeti. Mafuta yakiwa ya moto nta inakuwa imeyeyuka, inapita kwenye chujio pamoja nayo. Baridi ikija inaganda. Yale aliyoyachuja akayarudisha ukutani usiku uliofuata. Asubuhi yalikuwa safi vilevile.

Tangu siku hiyo sichuji mafuta ya moto. Yanalala kwenye tangi, nachuja kabla jua halijapanda. Viwanda vikubwa vina mitambo ya kupoza. Sisi tunatumia baridi ya usiku. Wateja walitulia. Hata wakulima waliodhani nawabania mafuta alinisaidia nao, kwa kunishauri tupepete na kupima mbele ya mwenye mzigo ili mapepe, zile mbegu tupu zisizo na mafuta, ayaone kwa macho yake.

Kinachoniuma ni mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Wafugaji wa kuku wanaoyalisha walikuwa wanauliza kama yana sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa nafaka na mbegu, na kanda ya kati hatuhitaji kufundishwa sumukuvu ni nini: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kijana akafunga sampuli kwenye bahasha za kaki, akaenda nazo maabara ya chuo chake. Nikapiga simu. Mara ripoti haijasahihishwa, mara ni mali ya chuo, andika barua. Barua niliandika. Mpaka leo sijui mashudu ya msimu ule yalikuwa salama au la, na kuku waliyala, na kuku wale watu waliwala.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema vyuo vinatutumia tu. Lakini baada ya kueleza habari ya zile chupa siwezi tena kusema hivyo. Bila yule kijana ningekuwa bado nabishana na watu kwenye simu kuhusu mawese. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, faida ipo, na kwa mkamuaji mdogo nadhani ni kubwa kuliko kwa kiwanda chenye mkemia wake, ingawa hao siwezi kuwasemea. Na sisi wenye mashine tuna deni: kijana anahitaji chakula, nauli, na kazi iliyo zaidi ya kufagia.

Ila sampuli ikitoka kwangu, majibu yarudi kwangu. Kurasa mbili tu za Kiswahili zinatosha, ripoti ile ndefu ya Kiingereza wabaki nayo. Mwezi wa saba nitampokea mwanafunzi mwingine, na kabla hajafunga bahasha hata moja tutasaini karatasi: yeye, mimi na msimamizi wake.