Re: Mbona ufuo wa Malindi unazidi kupanuka?

Ndugu, umeuliza mbona Malindi bahari inarudi nyuma ilhali kwingine inakula ufuo. Jibu linaanzia Ukambani. Mto Athi unashuka toka bara, unapokea maji ya Tsavo na kuitwa Galana, kisha unaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Tangu enzi za mkoloni, miteremko ya huko juu ililimwa bila matuta na kulishwa mifugo hadi nyasi zikaisha. Ardhi ikabaki uchi, na kila masika udongo unakuja kwetu.

Chota maji ya Sabaki mto ukifura, uyaache yatulie kwenye ndoo: chini utakuta tope jekundu, laini kama unga. Hilo jepesi ndilo linalochafua maji, na wakati wa kaskazi mkondo hulisukuma kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari ya Malindi, ya tangu 1968. Inauma, maana tumbawe likifunikwa hukosa mwanga. Mchanga mzito hubaki karibu na mlango wa mto, mawimbi huutupa ufuoni, ukikauka upepo wa kusi unaubeba. Vilima vya mchanga vya upande wa Mambrui vimejengwa hivyo.

Mto Tana ni kinyume chake: mabwawa kama Masinga, lililokamilika 1981, yananasa tope huko juu. Kwa hiyo usiupime mto mmoja kwa mwingine. Ukitaka kuinusuru Malindi, anza na matuta na miti huko Ukambani, Machakos na Makueni.