Mshale wa simu hauijui njia ya bustani

Kijaluba changu cha kwanza cha mchezo wa kusaka vikopo nilikificha nyuma ya gogo, hatua kama 14 kutoka kwenye njia ya bustani ya jiji. Nikajiona mjanja. Miezi minane baadaye msimamizi wa bustani akaniita. Hakunifokea. Alinisimamisha njiani akanionyesha kwa kidole: kuanzia miguuni petu hadi kwenye gogo kulikuwa na ujia mweupe, udongo umeshindiliwa kama sakafu, mizizi ya mti i nje. "Huu hatukuutengeneza sisi," akasema. Nikafungua kijaluba, nikahesabu majina daftarini. Yalikuwa 62. Kila mmoja alikwenda na kurudi, na wengine, najua, walizunguka lile gogo mara tano kabla ya kukiona.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni jiokashi: mtu anaficha kikopo, anatangaza majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, kwenye intaneti, wengine wanakisaka kwa GPS, wanaandika jina na kukirudisha kilipokuwa. Ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku iliyofuata Dave Ulmer akaficha ndoo msituni huko Oregon. Lakini msitu mpana na bustani ya jiji si kitu kimoja. Bustanini watu ni wengi na ardhi ni kidogo.

Anayetuponza ni mshale wa simu. Unakuelekeza moja kwa moja, hata kama katikati kuna kichaka chenye viota, na huku njia inapinda mbele na kukufikisha karibu zaidi. Kwa hiyo mimi siku hizi siutazami. Natembea na njia nikisoma umbali tu, kwa mita: 60, 35, 12, 4, kisha 9. Namba ikianza kupanda, narudi pale ilipokuwa 4, nasimama, natafuta kwa macho kwanza. Chini ya miti mikubwa GPS hukosea mita 5, wakati mwingine 10, kwa hiyo kuifukuzia sifuri ndani ya maua ni kuyakanyaga bure. Soma dokezo la aliyekificha na maelezo ya waliotangulia kabla hujatoka nyumbani. Nisipoona namna ya kukifikia bila kukanyaga mimea, naondoka. Niliwahi kuacha vitatu kwa siku moja, na roho iliniuma, sikatai.

Kwa anayeficha, ruhusa ndiyo inayosahaulika zaidi. Tovuti ya mchezo ikikubali kijaluba chako haimaanishi bustani imekubali. Wakaguzi wake ni watu wa kujitolea, wanaamini ulichowaambia. Na sheria hazifanani: bustani moja itataka kibali cha maandishi, nyingine itakupangia umbali kutoka njiani, nyingine haitaki chombo chochote kiachwe. Uliza, na uliza pia saa za kufungwa, maana msakaji wa usiku atakamatwa yeye, si wewe. Mchezo nao una masharti yake: usichimbe shimo, usipigilie msumari mtini, na kaa angalau mita 161 kutoka kijaluba cha mwenzako. Juu ya kopo andika wazi kwamba ni la mchezo. Kopo lisilo na maandishi chini ya daraja linaweza kuwaleta polisi.

Kipimo changu ni cha kienyeji: mguu mmoja ukibaki njiani, mkono ukifikie kijaluba. Ndivyo nilivyofanya na kile cha kwanza. Kwa idhini ya msimamizi nilikihamishia kwenye reli ya chuma kando ya njia, kikopo kidogo chenye sumaku, nikarekebisha majiranukta. Ule ujia tuliuziba kwa matawi makavu. Nilipita juzi: pembeni nyasi zimerudi, katikati bado pana upara.