Toyota IST inamisi (silinda haichomi vizuri): hamisha koili kabla hujanunua

Mkuu uliyeuliza kuhusu IST inayotetemeka kwenye foleni, taa ya injini inamulika na fundi anataka ununue koili (zile zinazozipa plagi umeme wa cheche) zote nne: usitoe hela kwanza. Kazi hiyo unaiweza mwenyewe nyumbani, kwa spana namba 10 na kile kifaa kidogo cha kusomea kodi za hitilafu kwa simu.

Ukisoma ukakuta P0302, silinda ya pili ndiyo haichomi vizuri. Hesabu kuanzia upande wa mikanda. Lakini kodi hiyo haisemi koili imekufa, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Plagi iliyochoka, nozeli ya petroli iliyoziba au kompresheni iliyoshuka huleta namba ileile.

Zima gari, injini ipoe. Chomoa soketi ya koili ya silinda ya 2, fungua bolti, kisha ivute juu huku ukiizungusha taratibu, maana mpira wake hung'ang'ania plagi. Badilishana na ya silinda ya 3. Plagi usiziguse kabisa, ukihamisha vyote viwili hutajua kipi kimehama na ugonjwa. Futa kodi, washa, liache liungurume mpaka limisi tena, soma upya. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu, nunua hiyo moja. Ikibaki P0302, anza na plagi.

Ukiwa hapo, mulika tochi kwenye shimo la plagi. Ukiona oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavujisha; hiyo ishughulikie kwanza, la sivyo koili mpya nayo itaharibika.

Kuna watakaokwambia upime kwa mita. Kwa koili za zamani za pini mbili, sawa. Hizi zina pini nne na saketi yake ya kuwashia imo humohumo ndani, kwa hiyo ukipima omu hupati jibu la maana. Mita itumie kuona kama umeme wa betri unafika kwenye soketi, swichi ikiwa imewashwa.

Na tafadhali, usishike koili mkononi injini ikizungushwa eti uone cheche. Ni maelfu ya volti. Vilevile usizunguke mjini na taa inayomulika: petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) kwenye eksozi, na bei ya masega unaijua.

Ukishahamisha, leta namba mpya hapa tuitazame.