Meneja ahusike na nini?

Msomaji wa Mafinga ananiandikia: "Kamwene, mwalimu. Naomba kazi ya ukarani katika kiwanda cha chai. Tangazo linasema nitaitwa kwenye usaili, mjomba anasema intavyuu, redioni nasikia mahojiano. Lipi sahihi? Barua yangu nimeiambatisha uione."

Kamwene, mwanangu. Usaili. Asili yake ni Kiarabu, tumbo moja na swali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huita watu kwenye usaili wa mchujo, halafu usaili wa mahojiano, kwa hiyo maneno hayo hayagombani. Wakenya wengi husema mahojiano na kazi wanapata. Mjomba mwache na intavyuu yake.

Sasa hiyo barua. Heri usingeiambatisha.

Juu umeandika YAH: OMBI LA KAZI YA UKARANI, ukapiga mstari. Vizuri. Kisha ukaanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Sentensi hii imening'ang'ania kama kupe tangu nianze kusahihisha barua za watu. Unajua umesema nini? Husika ni amri, kama kaa, ondoka, nawa. Na kuhusika na jambo ni kuwa na mkono ndani yake: polisi wakisema fulani alihusika na wizi wa ng'ombe, hawamsifu. Basi hata kiti hujapewa, umeshamwamuru meneja wa watu ajiingize kwenye kichwa cha habari. Ahusike vipi? Akipande? Aende kituoni akakiri? Na habari yenyewe iko wapi, umeandika barua au gazeti?

Tena hiyo YAH ni kifupi cha yahusu, neno lilelile! Ni sawa na mtu aliyebisha hodi, akakaribishwa, akafika sebuleni akabisha tena.

"Natanguliza shukrani" nimechoka kupigana nayo, ibaki. "Mimi ni kijana wa Kitanzania" nayo ibaki, ingawa sijui nani alikudhania Mholanzi.

Anza hivi: "Naomba kazi ya ukarani mliyoitangaza. Nina cheti cha uhasibu, na kwa miaka miwili nimepima majani mabichi ya wakulima kwenye mzani." Hapo meneja atavaa miwani. Hilo la mzani umelificha aya ya nne, chini ya "mchapakazi" na "mwenye kujituma", sifa ambazo hata mvivu huziandika. Na kwenye usaili ndilo watakalokuuliza: mkulima akidai mzani umempunja, unafanyaje? Jibu lake liandae leo, kwa mfano wa siku uliyogombezwa kweli.

Najua sentensi ile hukuitunga. Imekaa kwenye kompyuta ya steshenari, kila mwombaji anabadilishiwa jina tu kwa mia tano. Mwambie kijana wa pale aifute. Hiyo mia tano nitamlipa mimi.