Mwalimu wa ushauri nasaha hamwamulii mwanafunzi

Mama uliyeuliza kama mwalimu wa ushauri nasaha anaweza kumwamulia binti yako wa kidato cha nne hapa Moshi asomee nini: hapana, na akifanya hivyo atakuwa amevuka mpaka wa kazi yake. Wajibu wake ni kukaa na mwanafunzi, kupitia matokeo yake ya kidato cha pili na ya mitihani ya ndani, kumsikiliza anapenda nini, kisha kumwonyesha kila njia inadai nini kabla hajajaza machaguo yake kwenye Selform, yaani fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Anayetaka udaktari huku Kemia inamlemea aelezwe wazi kwamba tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) ya PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia, na kwamba Kemia hiyo haikwepeki. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza, kwa sababu hospitalini, hata pale KCMC, hawafanyi kazi madaktari na wauguzi peke yao. Wapo pia wahasibu, mafundi wa vifaa na watunza kumbukumbu. Mshauri mzuri humtajia pia vyuo vya jirani, kama Mweka kwa wanyamapori, Chuo Kikuu cha Ushirika, Chuo cha Ufundi Arusha, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambavyo wazazi wengi, isivyo haki, huviona ni vya walioshindwa. Omba miadi mwende pamoja na binti, na baba yake pia ikiwa ndiye mwenye msimamo mkali, kabla fomu haijarudishwa.